Njia ya Kwenda kwa Mama Mkubwa

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Shaabani tulimzika kiongozi wetu. Tulimzika kabla ya Adhuhuri, jua kali, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Nilichopoteza mimi siku ile ni mtu niliyekuwa na hasira naye. Yeye amekwenda, hasira imebaki kwangu, na sina wa kumpelekea.

Siku tatu za azaa, yaani matanga, nilikaa kwenye majlis, chumba chao cha wageni, nikisikiliza watu wakimsifu. Kila sifa ilikuwa ya kweli. Mimi sikusema kitu, kwa sababu niliyokuwa nayo hayasemwi mbele ya wafiwa, na kusema nusu sijui. Nimesoma mpaka darasa la nane tu, na kazi yangu ni kupanga mafaili katika ofisi moja ya Al Khuwair, hapa Maskati. Si mwandishi. Lakini naona afadhali niyaandike kama yalivyokuwa.

Alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya watu ninaowajua Bawshar alikaa nao kwenye gari, mguu wake juu ya breki ya pili, mkono wake tayari kukamata usukani. Alipostaafu alianza kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa. Kila mwaka, masika yakishakatika Tanzania, alichukua kundi la watu kama kumi akawapeleka kutembea siku nane katika milima ya Uluguru, juu ya Morogoro. Wengi tulikuwa watoto wa Waomani waliotoka bara, ambao babu zetu walikuwa na maduka huko juu zamani. Tulikwenda kuona tulikotoka. Alitupitisha kwenye msitu wenye ukungu mpaka mchana, miti imevaa majani mengine juu ya majani yake, na kwenye vijiji vilivyoning'inia mlimani kama nguo zilizoanikwa. Tulimwita Kiongozi tukimsema, na ami tukimsemesha.

Nilikwenda naye mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa na haja moja, na yeye aliijua.

Mama yangu alizaliwa huko. Baba yake alikuwa Mwarabu mwenye duka, mama yake Mluguru. Alikuwa na dada yake mkubwa, mama mmoja baba mbali, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni. Babu alipofunga duka akarudi Oman, alimchukua mama, akiwa na miaka kumi, akamwacha bibi na yule dada. Baadaye mama akiwa mwali, ndoa yake bado mbichi, ilikuja barua kutoka kwa dada yake kuwa bibi anaumwa sana na anamtaja. Mama hakujibu. Wakweze walikuwa hawajui kwamba mama yake ni mtu wa mlimani, na yeye aliogopa wajue. Bibi akafa. Mama alikaa na jambo hilo zaidi ya miaka arobaini, akaniambia mimi peke yangu, siku moja tukiwa tunachagua dengu.

"Nataka radhi kwa dada yangu," alisema. "Magoti yangu hayafiki tena. Nenda wewe, ukae mbele yake, umwambie kwa mdomo wako. Huku wewe ni wa baba yako. Kule mtoto ni wa ukoo wa mama, kule wewe ni wangu. Atakusikia."

Simu ilikuwepo. Mjukuu wa mama mkubwa alikuwa nayo, na mara mbili tatu tulizungumza. Lakini mama mkubwa alikuwa hasikii vizuri, ilibidi mjukuu ampigie kelele sikioni, na maneno ya mama hayakuwa ya kupigiwa kelele mbele ya watoto na majirani. Kuteremka mjini hakuweza. Kijiji chake hakifikiwi na gari. Ni kwa miguu tu, kutoka gulio la mboga ambako kundi letu lilifika siku ya nne.

Basi nirudi kwake. Hapa Maskati alikuwa mtu asiyetembea. Msikiti ulikuwa mtaa wa pili kutoka kwake, na alikwenda kwa gari. Kwenye maduka makubwa alizunguka robo saa kutafuta nafasi ya kuegesha karibu na mlango, huku nafasi za mbali ziko tele. Ukimwambia, "Ami, tushukie hapa tutembee," anakujibu, "Kutembea kuna mahali pake."

Mahali pake palikuwa mlimani. Huko alibadilika mpaka umbo. Alikunja kanzu kiunoni juu ya suruali, akashika fimbo, akatangulia, na sisi tuliokuwa wadogo kwake kwa umri tukabaki nyuma tukihema. Alitembea kama anavyoendesha. Kabla ya kukata kona alinyoosha mkono kuonyesha anakokwenda, hata kama nyuma yake hakuna mtu kwa hatua mia. Mtu akiteleza alisema, "Umetazama mbali. Tazama karibu kisha mbali." Mtu akilalamika alisema, "Njia haina haraka, mwenye haraka ni wewe." Neno hilo nililisikia labda mara mia. Mwanzo nililipenda.

Mazoezi alitufanyisha miezi miwili kabla. Alfajiri za Ijumaa tulipanda kilima kwa miguu mpaka Qantab na mifuko mgongoni, kila mfuko kilo kumi za mchele ndani. Wavuvi wa pale walitutazama. Mmoja alituuliza kwa Kiarabu tunahama au tumefukuzwa. Kiongozi alimjibu kwa utulivu kabisa kwamba tunakwenda kwetu. Yule akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Kwa njia hii?"

Katika kundi alikuwepo mama mmoja wa Kizanzibari, nesi mstaafu, aliyekuja kwa kupenda tu, hana babu wala bibi Morogoro. Huyu ndiye aliyekuwa akimtania. "Nyie watu wa bara," alikuwa akisema, "mna moyo. Mi kwetu nnashuka kitandani nnaiona bahari. Nyie kwenu mpaka mtu afe kwanza ndo afike."

"Geuka basi, dada," Kiongozi alimwambia. "Uwanja wa ndege uko kule."

"Sigeuki. Nnataka nikuone ukichoka."

Hakuwahi kumwona akichoka. Lakini alimwona akiogopa, sote tulimwona. Alikuwa akiogopa kinyonga. Mtu huyu aliyevuka mto juu ya gogo akiwa na begi langu na la kwake, akiona kinyonga kwenye tawi alisimama njiani na hakupita mpaka mtu amwondoe. Hakuona haya. Alisema tu, "Mwondoeni huyo," kama anavyosema mtu kuhusu kikombe kilichowekwa vibaya.

Jioni alikagua miguu yetu. Alitukalisha kwenye benchi la shule au la msikiti tulikolala, akapita na tochi na beseni, mmoja mmoja, wanaume. Wanawake aliwaachia nesi. Mwaka wa kwanza kidole changu kilitoka malengelenge mpaka ukucha ukalegea. Aliuosha kwa maji ya chumvi, akaufunga, na wakati wote huo alikuwa akinisimulia habari ya mwanafunzi wake aliyeingia na gari kwenye duka la mkate, ili nisitazame. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa daktari. Sijawahi kuoshwa miguu na mtu mzima mwingine tangu nilipokuwa mtoto. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linanizuia kumchukia kwa raha.

Kilichotuchelewesha daima ni kahawa. Alibeba dalla, birika la kahawa, kutoka Maskati, pamoja na tende na vikombe vidogo vimefungwa kwenye taulo. Kila nyumba iliyokuwa kando ya njia alipiga hodi. Haifai kupita mlangoni kwa mtu bila kusalimu, alisema, na haifai kusalimu ukiwa umesimama, na ukikaa haifai kukaa mikono mitupu. Kwa hiyo alitandika mkeka wake kwenye uwanja wa watu waliokuwa wameshika majembe wanakwenda shamba, akawasha moto, akachemsha, akamimina. Watu wa kule wana adabu zao pia. Wakishanyweshwa kahawa hawakubali uondoke hivi hivi. Wanakwenda kuchimba magimbi, wanamkimbiza kuku, na kuku wa mlimani si rahisi kukamatwa. Saa tano zinakwisha. Wao hawakwenda shamba, sisi hatukwenda mbele, kila upande unamwonea haya mwenzake kumwambia inatosha.

Siku moja mwenye nyumba, mzee mwenye koti la mvua, alininong'oneza nyuma ya jiko, "Huyu bwana wenu akipita tena mwakani, tupeni habari kabla. Tupande mapema."

Nilicheka wakati ule. Sasa nikihesabu zile saa sicheki.

Mwaka wa kwanza tulifika gulioni siku ya nne, mvua ikawa kubwa. Pale juu njia zinagawanyika. Moja inateremka kulia kurudi upande wa Morogoro, nyingine inaingia msituni kushoto kwenda kijiji cha mama mkubwa. Kiongozi alisimama, akatazama mawingu, akanyoosha mkono wa kulia. "Mwakani, inshallah," aliniambia. Mvua ilikuwa kubwa kweli. Sikuwa na neno.

Mama aliponiona nimerudi aliuliza, "Umemwona?" Nikamwambia mvua. Akasema, "Mvua ya huko naijua."

Mwaka wa pili tulifika pale siku ya tano badala ya nne, kwa sababu ya kahawa. Hesabu ya siku haikuruhusu. Kiongozi akanyoosha mkono wa kulia. Usiku pale tulipolala niliuma meno. Nilikuwa nimeomba likizo ambayo mkubwa wangu wa kazi alinipa kwa kununa, na nilikuwa nimetembea siku tano, na mama mkubwa alikuwa nyuma ya mlima mmoja. Niliporudi mama hakuuliza. Alinitazama viatu, akaenda kuleta chai.

Mtu atauliza kwa nini nisiende peke yangu. Nimejiuliza hilo kuliko mtu yeyote. Sikuwahi kusafiri mwenyewe mbali zaidi ya Salala, humu humu Oman. Nilikuwa na woga. Na nilimwamini. Aliwahi kuniambia kwamba njia ile anaijua kama mfuko wake, kwamba aliipita utotoni nyuma ya punda wa baba yake, na mimi niliona punda yule kabisa akilini.

Mwaka wa tatu nilimwendea kabla ya safari, nikamwambia, "Ami, mama anazidi kuzeeka, na dada yake ni mzee zaidi. Safari hii nataka ahadi."

"Umeipata," akasema, akanishika bega.

Na kweli safari ile alipunguza kahawa. Tulifika gulioni siku ya nne asubuhi, mbingu nyeupe, hakuna mvua. Wanawake walikuwa wameshatandaza karoti na kabichi chini. Nilifunga viatu vyangu upya. Kiongozi alisogea mpaka penye njia panda, akakaa hapo muda mrefu akiitazama ile ya kushoto, halafu akarudi akasema, "Haipitiki. Kuna maporomoko ya udongo."

Mpagazi wetu mkuu, mtu wa makamo, mzaliwa wa kule, alitua mzigo. "Mzee, huku hakuna kitu. Jana watu wameshuka kwa njia hii na ndizi. Ni saa tatu tu, ukikaza mwendo mbili na nusu. Mimi nawapeleka."

"Nani anaongoza hapa?" Kiongozi akamuuliza.

"Wewe, mzee."

"Basi."

Nesi akaingilia kati. "Ami, mwache mwenzetu aende na mpagazi. Mamake mkubwa yuko kule anamngoja. Sisi tutakaa hapa tutanunua karoti."

"Kundi haligawanywi. Gari moja, usukani mmoja."

"Hili si gari, ami. Hivi ni visigino vyangu, na vyatoka damu. Nna haki ya kusema."

Watu wakacheka. Kiongozi hakucheka. Alinigeukia mimi, mbele ya watu kumi na wapagazi na wauza kabichi, akaniuliza, "Mwanangu, unaniamini au huniamini?"

Mpagazi alikuwa ameshashika begi langu. Ningesema neno moja tu, siamini, na saa tatu baadaye ningekuwa nimekaa mbele ya dada yake mama. Lakini alikuwa mtu mzima, makamo ya baba yangu, ameniosha miguu, na ameniuliza mbele ya watu.

Nikasema, "Nakuamini, ami."

Ulikuwa uongo. Nadhani ndio uongo mkubwa niliosema maishani, na niliusema kwa adabu. Mpagazi akaweka begi langu chini pamoja na mengine. Tukateremka kulia. Nesi alitembea kando yangu karibu saa nzima, kisha akasema, "Na wewe nawe," akaenda zake mbele.

Miezi mitano baadaye mjukuu alipiga simu. Mama mkubwa alikuwa amefariki, alipitiwa na usingizi mchana. Mama aliipokea habari akiwa amekaa kwenye mkeka wake wa sala. Aliuliza kama alimtaja mtu. Mjukuu akasema hapana, alilala tu. Mama akasema, "Alhamdulillahi," akanirudishia simu.

Tangu siku ile sikwenda kwa Kiongozi. Nilimwona mara moja kwenye duwara ya Al Khuwair, ule mzunguko wa magari, gari lake sambamba na langu, akaniinulia mkono, mimi nikatazama mbele. Nesi ndiye aliyenipigia mwaka huu kuniambia kuwa amefanyiwa upasuaji na haukumsaidia, na kwamba ananiulizia. Nilichelewa wiki mbili. Nilikwenda Jumanne ile, siku moja kabla ya maziko, baada ya Alasiri, nikitoka kazini.

Walikuwa wamemtandikia kitanda kwenye majlis ili wageni wasipande ngazi. Alikuwa amepungua mpaka saa yake ya mkononi imeteremka. Binti yake alinikaribisha, akatuacha.

"Umenikasirikia," alisema.

"Ndiyo, ami."

"Una haki. Kaa." Akapumua kwanza. "Ile njia ya kushoto sijawahi kuipita."

Nikasogea karibu na kitanda.

"Hata siku moja," akasema. "Nimeondoka kule nina miaka saba, juu ya lori. Njia zote nilizowapitisha nilijifunza ukubwani. Kabla sijaanza kuchukua watu nilikwenda peke yangu, nikamlipa mtu anionyeshe, nikakariri. Jiwe hili kulia, mti ule kushoto. Nilikuwa na wanafunzi waliokariri barabara ya mtihani tu, ukiwatoa hapo hawajui kitu. Nikiwagombeza. Na mimi nilikuwa hivyo. Nilifika mpaka gulioni goti likavimba, nikarudi. Hapo ndipo mtihani wangu ulipoishia."

"Na punda wa baba yako?"

"Baba hakuwa na punda."

Nilitaka kunyamaza lakini sikuweza. "Mpagazi aliijua njia, ami. Alisema atatupeleka. Saa tatu."

"Ningetembea nyuma yake."

"Saa tatu tu."

"Saa tatu mbele ya watu walionifuata miaka yote kwa sababu nimewaambia mimi ni mtoto wa kule." Alifumba macho. "Kila mwaka nilisema safari hii nitamwachia mpagazi atangulie. Nikifika pale mdomo unakataa. Nilipokuuliza kama unaniamini, nilikuwa naomba useme hapana. Wallahi nilikuwa naomba. Ungesema hapana ningekasirika, ungekwenda, na mambo yangekwisha."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alikuwa ameniachia mimi kazi ya kumvunjia heshima, na mimi nikashindwa kuifanya.

Kisha akanyoosha mkono wake juu ya shuka. "Nakutaka radhi, mwanangu. Wewe na mama yako."

Kila mtu anajua cha kujibu hapo. Mgonjwa akikutaka radhi unasema nimekusamehe duniani na akhera, hata kama moyo uko nyuma, utafika baadaye. Niliushika mkono wake. Nililitafuta neno lile nikaona kwamba nikilisema litakuwa uongo wa pili wa aina ile ile, na kwa mtu yule yule.

"Bado, ami," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. "Haya," akasema. Hakuuvuta mkono wake. Tulikaa hivyo mpaka binti yake alipokuja na dawa.

Nyumbani mama alikuwa sebuleni. Alitaka kujua yote nikamwambia yote, njia, punda, goti. Alisikiliza bila kuonyesha hasira.

"Amekutaka radhi?"

"Ndiyo. Mimi na wewe."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia bado."

"Rudi," akasema.

"Mama, ndiyo kwanza nimetoka huko."

"Rudi sasa hivi."

Nilikuwa nimechoka, na barabara kuu saa ile magari yamesimama. Nikamwambia nitakwenda kesho, nikitoka kazini. Hakubishana nami. Alinyanyuka kwa kushika ukuta, akaenda chumbani, akarudi amevaa abaya lake la kutokea na shela kichwani, akavuta kiti akakaa karibu na mlango, mkoba magotini, akinisubiri nimpeleke yeye. Nikamwambia tena, kesho, mama. Alikaa pale mpaka ilipoadhiniwa Isha, kisha akaanza kuvua shela.